Ghala Limejaa, Mtoto Amedumaa



Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, na ninyi vijana wa vyuo mliojazana viti vya nyuma kana kwamba huku mbele kunavuja. Mnisamehe kwa harufu ya uji. Jiko la gesi mnaloliona pembeni ya jukwaa ni langu, na sufuria iliyo juu yake ni ya mke wangu, ambaye bado hajajua kuwa haipo. Binti anayekoroga anasomea lishe, yuko mwaka wa pili. Ametia maji vikombe vinne na unga wa mahindi vikombe viwili kasoro. Mwacheni akoroge, tutarudi kwake.

Barua ya mwaliko iliniomba nizungumzie changamoto na fursa za elimu ya lishe vijijini. Fursa nitawaachia wengine.

Huku Iringa ndiko kwenye mahindi. Tangu miaka ya 1980 Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa zilihesabiwa kuwa mikoa minne inayolisha nchi. Viazi vya Njombe vinashuka Dar es Salaam kwa lumbesa, na siku hizi parachichi zetu zinapanda meli kwenda Ulaya. Sasa fungueni utafiti wa taifa wa afya ya uzazi na mtoto na viashiria vya malaria wa mwaka 2022. Nchi nzima, watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Njombe na Rukwa ni nusu ya watoto wote. Iringa ni 57 katika kila 100. Ukiingia shule ya chekechea yenye watoto 40 katika mkoa huu, 22 au 23 kati yao hawakufikia kimo kilichowastahili. Na Dar es Salaam, ambako watu wananunua mpaka kisamvu, iko chini yetu mbali sana.

Tatizo la kudumaa ni kwamba halionekani. Mtoto aliyedumaa si yule wa mabango ya njaa, mwenye mbavu za kuhesabika. Huyu wetu mashavu anayo, anakimbiza kuku, anacheka. Mpaka umsimamishe kwenye ubao wa kupimia ndipo unaona kwamba ana miaka mitatu na kimo cha mtoto wa miwili. Bibi yake atakuambia, "Ndivyo tulivyo ukoo wetu, mwanangu." Nami kwa muda mrefu nilikuwa naitikia kwa heshima. Lakini Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wa Brazil, Ghana, India, Norwe, Oman na Marekani walionyonyeshwa vizuri na kulelewa katika hali njema, na viwango vilipotolewa mwaka 2006, mtoto wa Muscat na mtoto wa Oslo walionekana kukua kwa mwendo unaokaribiana sana. Ukoo unakuja kudai haki yake baadaye. Katika miaka ya mwanzo, kinachosema zaidi ni tumbo la mama, ziwa la mama, maradhi na sufuria.

Basi chakula kipo, na mtoto hakui. Jibu jepesi ni kwamba mama hajui, kwa hiyo tukamfundishe. Mimi nimekula mshahara wa jibu hilo miaka mingi, kwa hiyo siwezi kulitukana sana. Ila leo nataka kusema hivi: mtoto wa huku kwetu hakosi chakula, anakosa zamu. Anapoamka, mama ameshatoka. Njaa inapomshika saa nne, moto umezimwa. Jioni ugali unapoiva, yeye amelala, na asiyelala anakaa sinia moja na kaka zake ambao mikono yao ina kasi kuliko yake. Mtoto wa mwaka mmoja anatakiwa kula milo mitatu au minne kwa siku, na kitu cha kutafuna katikati. Nyumba zetu zinawasha moto mara mbili. Zamu hizo nyingine zinatoka wapi?

Hili sikulisoma kitabuni. Nilifundishwa na mwanamke mmoja kwa chupa ya chai.

Kijiji nakiacha bila jina. Ulikuwa msimu wa palizi, nami nilikuwa nimebandika bango langu kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji: makundi ya chakula yaliyochorwa kwa rangi, samaki mkubwa kuliko ng'ombe. Mama zenu walipofundishwa yalikuwa makundi matatu, vya kujenga, vya kutia nguvu na vya kulinda. Wakati huo yalishakuwa matano, na kila yakiongezeka bango linakuwa zuri zaidi. Nikahubiri habari ya uji mzito. Nikasema uji wa mtoto usimiminike kama maji, ukae kwenye kijiko. Wanawake wakaitikia, "Ndiyo, daktari." Mimi si daktari, lakini kijijini ukishuka na begi wewe ni daktari.

Mmoja hakuitikia. Alikuwa na mtoto mgongoni, wa miezi kumi na minne hivi. Akafungua kapu lake, akatoa chupa ya chai, ile ya plastiki yenye maua mekundu, akanisogelea na kuiweka mezani. Akasema, "Daktari, mimi natoka nyumbani saa kumi na mbili, shamba liko mbali. Siku jua likiwa kali mtoto namwachia dada yake, wa miaka saba, na uji ninauacha humu ili usipoe. Huo mzito wako unatokaje humu?"

Nikaitazama ile chupa. Mdomo wake ulikuwa mwembamba kama wa chupa ya soda. Sikuwa na jibu. Nilisema kitu fulani juu ya kumshirikisha mume, wakacheka, mkutano ukaisha.

Usiku ule nilipiga hesabu ambayo nilipaswa kuipiga kabla ya kwenda. Tumbo la mtoto linabeba kiasi cha mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo nane, basi, mlo mmoja ni mililita 240, yaani kikombe kimoja na si zaidi. Uji unaopita kwenye mdomo wa chupa ile una vijiko viwili vya unga kwa kikombe, gramu 20, ambazo ni kilokalori 70 hivi. Mtoto aliyevuka mwaka anahitaji karibu kilokalori 550 kwa siku kutoka kwenye chakula, mbali na maziwa ya mama. Gawanyeni wenyewe. Vikombe vinane! Hakuna mtoto wa kunywa vikombe vinane, wala dada wa miaka saba wa kumnywesha. Mtoto anashiba maji, analala, na dada anapata nafasi ya kucheza rede. Jioni mama anauliza, "Amekula?" Anajibiwa, "Amemaliza wote." Na ni kweli amemaliza.

Wepesi wa ule uji, kwa hiyo, haukuamuliwa na ujinga. Uliamuliwa na umbali wa shamba, umri wa mlezi na mdomo wa chupa. Mimi nilikuwa nimekuja na bango la samaki.

Msinielewe vibaya. Elimu inafanya kazi, na ushahidi upo. Huko Trujillo, Peru, katika mitaa ya watu maskini, watafiti walifundisha kupitia vituo vya afya mambo machache tu: uanze na chakula kizito kabla ya supu, utie maini ya kuku, yai au samaki, umlishe mtoto kwa upole bila haraka. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005. Katika eneo lililofundishwa, watoto waliodumaa wakiwa na miezi 18 walikuwa 5 katika 100, kwingine 16. Lakini angalieni walivyofanya. Kwanza walikwenda majikoni kuuliza nini kinapatikana, nini ni rahisi, mama anadhani nini. Maini ya kuku yaliingia kwenye somo kwa sababu yalikuwa yanapatikana na hayakuwa ghali. Wangekuja na ujumbe wa maini kwa jirani zetu wa Makete, ambako kuku anachinjwa Krismasi na mgeni akija, wangebandika bango kama langu.

Suala la yai nalo tuliseme, maana kila semina lazima yai litajwe. Mnazijua zile kauli: mjamzito akila mayai atazaa mtoto asiye na nywele, mtoto akizoeshwa mayai atakuwa mwizi. Sisi wataalamu huziandika kwenye ripoti chini ya kichwa cha "mila potofu", tukapumzika. Mimi nilikaa na bibi mmoja tukalihesabu yai lake. Yai moja ni pakiti ya chumvi na chenji inabaki. Mayai kumi yakiachwa chini ya kuku ni vifaranga, na vifaranga wakinusurika mwewe na ugonjwa wa kideri ni sare ya shule. Mtoto aliyezoea yai kweli ataliiba, kwa sababu yai ni kitu cha mwisho kupewa yeye na cha kwanza kuuzwa. Ile kauli inalinda benki ya bibi. Ukitaka mtoto ale yai, zungumza habari ya chanjo ya kideri na banda la kuku kwanza. Kipara kitajiondoa chenyewe.

Na hata yai si dawa ya kila mahali. Ecuador watoto walipewa yai moja kila siku kwa miezi sita, na udumavu ukapungua kwa kiasi kilichowashangaza watafiti wenyewe. Wakarudia jambo hilohilo Malawi, wilaya ya Mangochi, wakauita mradi huo Mazira, ambalo kwa Kichewa ni mayai. Kimo hakikubadilika. Sababu moja inayotajwa ni kwamba watoto wa Mangochi wako kando ya ziwa na samaki walikuwa wanakula tayari. Somo la Ecuador halikuwa na kazi pale.

Sasa nizungumzie jambo ambalo wanaume wengi humu hawatapenda nilitaje hadharani. Kubemenda. (Minong'ono.) Naam, nimelitaja. Wanasema wazazi wakikutana mapema wakati mama ananyonyesha, au akishika mimba nyingine, mtoto aliye kifuani anabemendwa: anadhoofu, anavimba miguu, nywele zinakuwa nyekundu. Watumishi wa afya tunalicheka. Na tukicheka, mama mwenye mtoto aliyevimba miguu haji kliniki, maana akionekana na mtoto huyo kijiji kizima kitajua kilichotokea chumbani kwake. Anamficha ndani mpaka anachelewa.

Mwaka 1933 daktari mmoja aliyezaliwa Jamaica, Cicely Williams, akifanya kazi Gold Coast, Ghana ya leo, alieleza ugonjwa wa watoto wenye miguu iliyovimba na ngozi inayobanduka. Hakulicheka jina walilolitumia wanawake wa Accra wanaosema Kiga. Alilichukua, na mwaka 1935 akaliandika kwenye jarida la kitabibu la Uingereza akisema ugonjwa huo unahusiana na chakula cha mahindi. Jina hilo ni kwashiorkor, hii tunayoiita kwashakoo, na vitabu vyetu vinaiita unyafuzi. Maana yake kwa Kiga ni ugonjwa unaompata mtoto pale mdogo wake anapozaliwa. Mtoto aliyeondolewa kwenye zamu yake. Wanawake wa Accra na wanawake wa huku, ambao hawajawahi kuonana, waliona kitu kilekile: mtoto anaachishwa ziwa ghafla kwa sababu kuna mwingine njiani, anatupwa kwenye uji mweupe wa mahindi, anaharibika. Walichokosea ni sababu tu, na hata hapo wamekosea kidogo. Tangu siku hiyo nikikutana na mama anayesema mtoto amebemendwa, simkatalii. Namwuliza, "Aliacha kunyonya lini, na tangu hapo anakula nini?" Mazungumzo yanaanza.

Wazee waliokaa pale mbele wanakumbuka kwamba mkoa huu uliwahi kuwa mfano wa dunia. Kuanzia mwaka 1983, kwa fedha za serikali ya Italia kupitia UNICEF na Shirika la Afya Duniani, vijiji 168 vya Iringa ya zamani, kabla Njombe haijakatwa mwaka 2012, viliingia kwenye mpango wa lishe. Kila miezi mitatu watoto walipimwa uzito, hadharani, na majibu yalikwenda kwenye serikali ya kijiji. Swali halikuwa "kwa nini mama fulani hajui," lilikuwa "kwa nini watoto hawa wa kijiji chetu wamepungua, na sisi tunafanya nini mpaka robo ijayo." Wengine waliamua kuanzisha vituo vya kulishia watoto mchana, wakati mama wako shambani. Mnaona? Wao walishughulikia zamu. Mwanzoni watoto wenye uzito pungufu walikuwa karibu 56 katika 100; mwaka 1988 walikuwa 38. Walio katika hali mbaya kabisa walishuka kutoka 6 hivi hadi chini ya 2.

Kisha fedha za wafadhili zikapungua, mageuzi ya uchumi yakaingia, UKIMWI ukazifyeka nyumba za ukanda huu kuliko kwingi, na watoto wakabaki na bibi. Vituo vingi vya kulishia vikawa stoo. Na jambo moja la kujisuta: mizani inapima uzito, haioni kimo. Tulishangilia kilo zikipanda, na mtoto aliyedumaa akiwa mnene kidogo anapita kwenye rangi ya kijani ya kadi ya kliniki bila kuulizwa.

Mwaka 2017, mbele ya Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, wakuu wa mikoa walisaini mkataba wa lishe. Halmashauri zikatakiwa kutenga angalau shilingi 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Kwa mwaka. Nasifu hatua hiyo, maana kabla yake zipo halmashauri ambazo lishe ilikuwa neno la kwenye hotuba tu. Lakini bibi yangu wa mayai atawaambia shilingi 1,000 ni mayai mawili, matatu ukijua kuomba punguzo. Na bajeti hiyo mara nyingi inaishia kwenye semina. Posho ya kikao kimoja ingejenga kibanda cha kulishia.

Dakika zangu zinakwisha, Mwenyekiti ananitazama. Neno moja tu kuhusu uji wa lishe wa madukani na wa mashine za kusaga, ule wa mahindi, mtama, ulezi, uwele, ngano, mchele, soya na karanga kwa pamoja. Watu wanaamini kadiri unga unavyokuwa na majina mengi ndivyo mtoto anavyopona. Nafaka sita ni nafaka tu, kundi moja mara sita. Soya isiyopikwa vizuri inamsumbua mtoto tumbo. Karanga zikiwa za mwaka jana zilizoota ukungu, mnamlisha sumukuvu. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara sumu hiyo iliua watu karibu 20. Chukua nafaka moja. Karanga chambua mwenyewe, tupa zilizonyauka, kaanga, twanga, uweke pembeni uongeze sufuriani. Dagaa vilevile, waoshe mchanga kwanza. Basi.

Binti, umeiva? Nyanyua mwiko waone.

Mnaona, mwiko umesimama. Huo si uji tena, ni ugali uliokata tamaa. Kikombe kimoja cha huo kina unga zaidi ya mara mbili ya ule wa kwenye chupa yenye maua. Na mtoto hawezi kuumeza, wala chupa haitautoa. Sasa tazameni hiki kibakuli. Huu ni unga wa kimea cha ulezi. Ulezi umelowekwa usiku mmoja, ukafunikwa kwa kitambaa kibichi siku mbili tatu mpaka ukachipua, ukaanikwa, ukasagwa. Wa ulezi, tafadhali. Mtama ukichipua machipukizi yake yana sumu, lazima yaondolewe yote. Kimea hiki sikukitoa maabara. Nimekinunua jana kwa mama anayepika pombe ya komoni, na yeye anakijua kuliko profesa yeyote. Watafiti wa Taasisi yetu ya Chakula na Lishe walikifanyia kazi tangu miaka ya 1980, halafu sisi wagani tukakisahau, nadhani kwa sababu kilinuka kilabu. Wako akina mama wa kilokole walionikatalia kabisa: "Hicho ni cha pombe." Nikawauliza kama watoto wao hawanywi togwa. Wakanyamaza, kwa sababu togwa ni uji na kimea, ukalazwa usiku ukachachuka. Taasisi hiyohiyo iliichunguza togwa miaka ya 1990 na ikaona watoto waliopewa wana bakteria wachache wa kuharisha tumboni. Bibi zenu walikuwa mbele.

Epua, binti. Acha upoe kidogo, usiwe wa kuunguza. Kijiko kimoja cha kimea. Koroga. Vimeng'enya vya kimea sasa vinaukata wanga vipande vidogo. Hesabuni dakika kama kumi, niwaombe msiondoke.

Haya. Nyanyua mwiko.

(Makofi.)

Hatukuongeza maji hata tone, na unga ni uleule. Urudishe motoni uchemke tena, maana kimea kibichi kina vijidudu. Wakati unachemka niwaoneshe kitu. Hii hapa chupa ya chai, ya plastiki, ina maua mekundu. Niliinunua Ijumaa sokoni, nikachagua yenye mdomo mwembamba kuliko zote. Binti, mimina. Polepole. Funga. Sasa mama uliyekaa pale mwisho, wewe mwenye mtoto, njoo na kikombe uimimine mwenyewe. Mimi nitasimama pembeni.